Aliyesema Mlango Ulikuwa Wazi

Ng'ambo, 4 Machi

Mdogo wangu Mama Funguo,

Salamu nitaziweka mwishoni, kama zitabaki. Kwanza nijibu: ni kweli?

Jana msimamizi wetu wa bwalo la chuo alikuja na mkate wake umefungwa kwenye gazeti. Mimi nilikuwa kwenye sinki, mikono imo majini mpaka viwiko, nikaiona picha ya hoteli yenu ya huko kisiwani. Nikamwambia, "Bosi, usilitupe hilo." Nikalikausha juu ya birika kama nguo ya mtoto. Kumbe hoteli inatimiza miaka mia. Tarehe kumi na nane Mei kuna karamu ya mchana, wakubwa wa utalii wanakuja kuitunuku cheti cha jengo la kihistoria, na Mzee, mwenye hoteli, ameshawaambia waandishi: "Katika miaka mia jiko letu limeteleza mara moja tu, na aliyehusika tulimwondoa."

Aliyehusika! Miaka kumi na minane nimepika pale, hata hili jina la Chungu nimepewa pale, leo mimi ni aliyehusika.

Ulikuwapo, unayajua yote, lakini acha niyaseme, nisipoyasema nitapasuka. Kwa harusi ile niliandaa kuku baridi na sosi ya mayai siku moja kabla. Saa kumi alasiri nikaviingiza kwenye chumba cha baridi, nikafunga mlango, nikausukuma kwa kiuno kuhakikisha, nikaandika saa na hali ya baridi kwenye ile karatasi inayoning'inia mlangoni. Kesho yake wageni thelathini na mmoja wakaugua. Siku ya tatu babu yake bibi harusi akafa. Mzee akasimama uani, mbele ya wapishi, madobi, watunza bustani, mpaka yule anayeleta maziwa, akasema: "Mlango wa chumba cha baridi uliachwa wazi. Shahidi ninaye." Nikamwuliza shahidi ni nani. Akasema hainihusu. Mchana huohuo nilikuwa kwenye boti na kifurushi changu, kofia ya upishi nimeisahau kichwani.

Miaka sita sasa hakuna jiko lililonipokea. Nasugua masinia. Binti yangu alipoolewa, wakwe walileta mpishi wao, na mama mkwe akaniomba kwa adabu kabisa, "Mama mwenzangu, tafadhali usiingie jikoni." Harusini kwa mwanangu mwenyewe nilikaa kitini kama mgeni wa mbali, nikanywa soda.

Sasa ni zamu yangu. Shahidi alikuwa Tai, sina shaka. Yule mhudumu wa meza alininunia tangu nilipompiga mwiko wa mkono mbele ya wageni kwa kuchovya kidole kwenye sufuria. Hata viazi alikuwa akimenya na tai shingoni. Mtu wa namna hiyo anaweza kusema lolote. Na Mzee ndiye aliyemsikiliza yeye bila kunisikiliza mimi. Nawataka wote wawili.

Wewe unashika funguo za nyumba nzima. Nitafutie karatasi ya mlangoni ya siku ile. Ina mwandiko wangu. Nitaisoma tarehe kumi na nane Mei mbele ya wakubwa, supu ikiwa bado ya moto.

Salamu zimebaki kidogo. Chukua.

Dada yako,
Chungu


Kisiwani, 12 Machi

Dada yangu kipenzi,

Barua yako imekuja na boti ya jana Alhamisi. Nimeisomea kwenye stoo ya mashuka, maana machozi yangu huwa hayana adabu, yanatoka popote.

Ni kweli, karamu ipo. Nyumba imegeuka uwanja wa mafundi. Ngazi za mbao zimepigwa nta mpaka Mzee ameteleza, akasema bora vumbi lake la zamani. Dirisha la chumba namba saba bado halifungi. Wageni tunawaambia limeachwa hivyo kwa ajili ya hewa safi. Ukumbi wa kulia umepakwa chokaa, meza zilezile tisa, na mimi nashona upya pindo za vitambaa vyote. Kwingine kisiwa ni kilekile: lori ni moja, na likipita watu wanatoka nje kulitazama.

Dada, ungemwona Mzee usingemtambua. Tangu mkewe afariki anakula peke yake meza ya tisa, anauliza chumvi iko wapi nayo iko mbele yake. Mtu kama huyo utamlipiza nini? Umri umeshamlipiza.

Ile karatasi haipo. Karatasi za mwaka ule mchwa walizila, zilizobaki tukawashia jiko. Ningekuwa nayo ningekuficha mimi? Yaliyopita si ndwele, dada, tugange yajayo. Pumzika moyoni mwako, umwachie Mungu.

Nakutumia sabuni vipande sita, na shuka mbili ambazo zimechoka ukingoni tu. Mzee ameniruhusu.

Akupendaye daima,
Mama Funguo


Ng'ambo, 20 Machi

Mama Funguo,

Nimekuomba karatasi, umenitumia methali. Methali ninazo za kutosha, nikizichemsha zote hazishibishi mtu. Na hao mchwa wenu wana akili sana, wanachagua mwaka wa kula!

Lakini usijali. La Mzee nitalipatia njia nyingine. La Tai nimeshalimaliza.

Wiki iliyopita nilikwenda bandarini kuulizia nauli ya Mei. Nainama dirishani, namwona nani? Tai, na tai yake, kumbe aliacha hoteli, siku hizi anauza tiketi. Akanichekea! "Karibu, Mama Chungu, siku nyingi, unavuka?" Meno yote nje, kana kwamba si yeye aliyenipandisha boti ya kuondokea. Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu, nikamwandikia meneja wake. Nikamwambia mtu uliyemweka dirishani alitoa ushahidi wa uongo ulioharibu maisha ya mwanamke. Nikaona hiyo peke yake haitoshi, meneja atasema hayo ni ya hotelini kwenu. Kwa hiyo nikaongeza kidogo: kwamba alikuwa akiingia vyumbani na kupekua mikoba ya wageni.

Jana nimepita tena. Dirishani kuna msichana. Mlinzi akaniambia Tai amefukuzwa, ametoka analia, tai iko mfukoni.

Nilikwenda nyumbani nikala vizuri. Nilikuwa sijala vizuri siku nyingi.

Chungu


Kisiwani, 26 Machi

Dada, dada, umefanya nini!

Tai si yeye! Tai siku ile hakuwapo hata kisiwani. Alivuka asubuhi kwenda kufuata maua ya harusi, akalala ng'ambo kwa shemeji yake, akarudi siku ya harusi saa tatu, maua mikononi, koti limelowa. Angeuonaje mlango jioni? Mwandikie yule meneja upesi, mwambie umekosea mtu. Tai ana watoto watatu. Nakuomba kwa yote uliyowahi kunipenda.

Sina nguvu ya kuandika zaidi. Wageni wanane wamefika na nina ndoo ya maji mkononi.

Mama Funguo


Ng'ambo, 2 Aprili

Mama Funguo,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Kwa miaka sita nimemlaani Tai katika kila barua. Nimemwita mchawi, nimemwita fisi. Na kila mara wewe ukajibu, "Mungu yupo, dada." Hukusema hata mara moja kwamba alikuwa ng'ambo anafuata maua. Leo ndiyo umekumbuka, na koti lililolowa umelikumbuka?

Anayejua ni nani hakuwa shahidi anamjua aliyekuwa. Nitajie. Jina moja tu, hata kwenye kipande cha karatasi ya sabuni.

Nangoja boti ya Alhamisi.

Chungu


Ng'ambo, 21 Aprili

Kwa Mwenye Hoteli,

Boti mbili za Alhamisi zimefika bila jibu la mtu niliyemwuliza, kwa hiyo nakuuliza wewe.

Mimi ni yule uliyemwita gazetini "aliyehusika". Wewe ni mzee usiye na haya. Ulinihukumu uani kama mbuzi aliyekula maua. Ulimwamini mtu usiyethubutu kumtaja. Miaka kumi na minane nilikulisha wewe, mkeo na wageni wako, na hukunipa hata dakika moja ya kujieleza.

Shahidi wako alikuwa nani?

Mpishi


Kisiwani, 26 Aprili

Dada,

Naandika mchana, mlango wa stoo nimeufunga kwa ndani. Nimeanza barua hii mara nne.

Ni mimi.

Unaijua swichi iliyo ukutani nje ya chumba cha kupigia pasi. Umeme wa nyumba ile ulikuwa hauwezi kubeba pasi kubwa na chumba cha baridi kwa pamoja. Ulipoondoka saa kumi, nilikuwa na vitambaa arobaini vya harusi vyenye mikunjo kama uso wa bibi kizee. Nikaizima swichi ya chumba cha baridi. Nilisema ni saa moja tu, baridi haitatoka. Nimemaliza, mama yake bibi harusi akaniita juu, gauni la mtoto limechanika zipu. Nikashona. Kutoka hapo wakataka mito ya ziada. Nikaenda nyumbani. Swichi nimeikumbuka kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, nilipofungua mlango wa nyuma. Nikaiwasha. Ulipofika saa moja kulikuwa kumeshaanza kupoa, nami nikasema Mungu amenisitiri.

Watu walipougua nikaenda kwa Mzee nikiwa nimekusudia kusema. Naapa, dada. Nikafungua kinywa, nikamwona alivyosimama, na ikatoka nyingine: kwamba niliukuta mlango wazi nikaufunga. Nilidhani atakukaripia tu. Babu yule alikuwa bado mzima. Alipokufa, uongo ulikuwa umeshakauka, ningeubandua vipi?

Karatasi haikuliwa na mchwa. Niliichomoa mlangoni siku ileile. Imekaa miaka sita chini ya mashuka ya watoto, nami kila nikiyahesabu naigusa. Nimeiweka humu. Saa kumi, baridi sawa, mlango umefungwa, mwandiko wako.

Sabuni, shuka, barua za kila mwezi, zote zilikuwa za kweli. Nilikupenda nikikuficha. Sijui mtu anawezaje vyote viwili, ila nimeweza.

Fanya utakalo.

Mama Funguo


Kisiwani, 27 Aprili

Kwa Mama Mpishi,

Nimepokea barua yako. Umenitukana kwa mistari mingi na kuniuliza swali kwa mstari mmoja. Nitajibu mstari mmoja.

Shahidi alikuwa Mama Funguo. Alinijia ofisini akalia sana, akanisihi nisimtaje kwa kuwa wewe ni kama dada yake. Nikampa neno langu, na neno langu nimelishika hadi leo; ninalivunja sasa kwa sababu naona hujui, nami nilidhani unajua. Kila mwezi naziona bahasha zako mezani pake. Nikasema moyoni, hawa wameshasameheana, wana mioyo mikubwa kuliko yangu.

Kuhusu kutokukusikiliza, huna haja ya kunitukana, nakubali. Mtu alikuwa amekufa ndani ya nyumba aliyoijenga babu yangu. Niliogopa, na mtu mwenye hofu hushika jibu la kwanza analopewa.

Boti imeharibika injini. Sijui barua hii itakufikia lini.

Mwenye Hoteli


Ng'ambo, 6 Mei

Mama Funguo,

Boti imetengenezwa. Barua yako na ya Mzee zimefika katika mfuko mmoja. Ya Mzee niliifungua kwanza. Kwa hiyo usijisifu kwamba umekiri, ulichelewa kwa upana wa bahasha.

Barua zako ninazo zote, sabini na moja. Leo nimezitandaza kitandani. Katika kila moja umeniita dada. Ulikuwa unajua kwamba nasugua masinia, na ukanitumia sabuni! Nilipokuandikia habari ya harusi ya binti yangu, nikakueleza jinsi nilivyokaa kitini, ulinijibu kurasa tatu za kunipa pole. Uliziandikaje? Adui yangu nilikuwa namtafuta bandarini, kumbe ananichagulia shuka.

Sitaki machozi yako. Nataka hivi.

Mimi nilivuliwa nguo mbele ya watu, na wewe utasemea mbele ya watu. Tarehe kumi na nane Mei, wageni wote wakishakaa, kabla Mzee hajahutubia, utasimama katikati ya ukumbi. Utataja swichi. Utataja saa. Utataja mlango, na kwamba haukuwa wazi. Hutasema "kwa bahati mbaya", hutasema "shetani alinipitia". Shetani ana kazi zake, asisingiziwe.

Nitakuwapo. Usiposimama wewe, nitasimama mimi na karatasi mkononi, na barua yako nitaisoma yote mpaka pale pa gauni la mtoto.

Usiniite dada tena.

Chungu


Kisiwani, 10 Mei

Mama Chungu,

Nitasimama.

Nimemwambia Mzee. Akaniuliza kama vitambaa vya meza viko tayari. Nikasema viko tayari. Akasema, "Basi karamu itakuwapo."

Nilitaka kukuuliza, na baada ya hapo? Lakini nadhani sina haki ya kuuliza.

Mama Funguo


Kisiwani, 25 Mei

Kwa Bwana Tai,

Anwani yako nimepewa na mlinzi wa bandarini, baada ya kumwomba mara tatu. Usiichane barua hii kabla hujafika chini. Ni mimi, Chungu, yule aliyekupiga mwiko.

Lazima umeshasikia, habari za kisiwa hiki huogelea haraka kuliko boti. Lakini acha usikie kwangu. Aliyesema niliacha mlango wazi alikuwa Mama Funguo. Alizima umeme wa chumba cha baridi ili apige pasi, akasahau, akanitupia mimi. Mimi kwa miaka sita niliapa kwamba ni wewe, eti ulininunia kwa ule mwiko, na eti mtu anayemenya hata viazi na tai shingoni anaweza kusema lolote.

Siku ya karamu niliingia ukumbini kwa mlango wa wageni. Nilivaa gauni la buluu la harusi ya binti yangu. Nikapewa meza ya pili. Wakubwa wa utalii walikuwa watano, waandishi wawili. Mama Funguo akaja katikati na sare yake, funguo kiunoni. Alianza kwa sauti ya chini, mkubwa mmoja akasema, "Mama, huku nyuma hatusikii." Akaanza upya. Akasema swichi, akasema saa, akasema mlango. Hakulia. Funguo tu ndizo zilikuwa zinagongana.

Bwana Tai, sitakudanganya. Nilisikia utamu. Kila alipotaja jambo nilikuwa namwitikia kwa kichwa kama mwalimu anayesikiliza somo. Mzee akasimama akasema yeye pia ana kosa, alihukumu bila kusikiliza, akaniomba radhi mbele ya wote. Nikautazama ukuta mpaka alipokaa. Cheti wakubwa walikirudisha mkobani, walisema watalitafakari upya. Supu ikapoa.

Asubuhi yake Mama Funguo aliweka funguo zote juu ya meza ya tisa akaondoka. Mzee hakumfukuza, aliondoka mwenyewe. Mimi Mzee alikuwa ameshaniomba nirudi jikoni, nami nilikubali papo hapo, kwa hiyo nilimwona dirishani akienda na begi lake njia ya gatini, peke yake, amebadilisha mkono mara mbili kwa uzito. Aligeuka. Nikaendelea kukata vitunguu. Sikumsamehe na bado sijamsamehe.

Utamu ule ulikaa siku mbili.

Siku ya tatu alikuja mjane wa yule babu. Anakaa hapahapa kisiwani, nyumba ya pili baada ya zahanati. Alikuwapo karamuni, nami sikumwona. Alikuja jikoni akanishika mikono yote miwili, ikiwa na unga, akasema, "Mwanangu, miaka sita nimekuwa nikikulaani kila ninapoamka. Nisamehe." Nikamwambia, "Nimekusamehe, bibi." Akanibusu mikono akaenda zake.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi ya harusi, nilipoitoa ile sosi, ilikuwa imelegea. Kidogo tu, lakini mimi ni mpishi, niliiona. Nikachovya kijiko, nikasema labda mayai yalikuwa madogo. Kengele ya saa nne ilikuwa imeshalia na wageni walikuwa wanaingia. Nikaikoroga, nikaongeza ndimu, nikaituma mezani.

Swichi haikuzimwa na mkono wangu, na mlango niliufunga. Lakini sosi niliiona. Mama Funguo aliposema yote yale ukumbini akajibebesha kifo peke yake, mimi niliitikia kwa kichwa.

Na kwako wewe nimefanya alichonifanyia yeye. Hapana, nimefanya zaidi. Yeye alisema uongo akiwa na hofu. Mimi nilikaa mezani, nikakunja mikono ya blauzi, nikatunga habari ya mikoba. Nimemwandikia meneja wako kukanusha, amejibu kwamba nafasi ina mtu. Hapa hotelini mhudumu anahitajika, na Mzee anakutaka. Sikuombi unisamehe. Mtu anayejua ladha ya kutosamehe hawezi kumnyima mwenzake ladha hiyo.

Chungu


Ng'ambo, 2 Juni

Mama Chungu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, ili mke wangu asikie. Wiki kumi nilikuwa namwambia sijapekua mkoba wa mtu, naye alikuwa ananijibu "najua" bila kunitazama. Jana alinitazama.

Kumbe ulikuwa unanichukia kwa ajili ya tai. Basi nikuambie: shati langu la kazi lilikuwa halina vifungo viwili vya juu, na tai inaficha. Ungeuliza, ningekujibu. Kidole kwenye sufuria, hilo ni kweli, na mwiko ule ulinistahili. Sikukununia. Nilikuwa nakuogopa, kama wote.

Kazi ya hotelini sitaki. Nisije nikala chakula chako kila siku nikitafuta ndani yake neno la kukuambia.

Ninachotaka ni hiki. Wewe uliona barua haitoshi, ukataka mtu asimame. Mimi pia barua hainitoshi. Meneja ana barua yako ya kwanza na ya pili, anasema mwanamke huyu leo anaandika hivi, kesho vile. Wabeba mizigo bado wananiita Mikoba. Wananiita hata mbele ya mwanangu. Njoo bandarini Alhamisi ya tarehe kumi, boti ya asubuhi inapofika na foleni ya wanaovuka imejaa. Simama mbele ya dirisha la tiketi useme. Meneja atakuwapo, nimemwomba. Mke wangu atakuwapo.

Habari ya sosi si yangu, sitaigusa. Lakini mimi ningekuwa yule bibi, ningependa kujua mikono niliyoibusu.

Ukija utanikuta. Tai nitavaa.

Mhudumu wa zamani


Kisiwani, 7 Juni

Kwa Bwana Tai,

Nakuja Alhamisi. Nimemwambia Mzee kwamba siku hiyo wageni watakula mkate na mayai ya kuchemsha. Hayo hata yeye anaweza. Aliuliza naenda wapi, nikamweleza, akavua miwani akaifuta, akasema nauli italipwa na hoteli. Nimekataa.

Nitasema kwamba hukupekua mkoba wa mtu. Nitasema niliyatunga mimi, mezani kwangu, nikiwa na akili timamu. Sitasema nilikuwa na uchungu. Nikianza kusahau, nikumbushe kwa sauti, watu wasikie.

Halafu nitapanda boti ya kurudi, na gatini sitapita njia ya hotelini. Nitakwenda mpaka nyumba ya pili baada ya zahanati, nibishe hodi. Bibi yule hunikaribisha kiti kabla sijamaliza salamu. Safari hii nitamwambia nikiwa nimesimama, habari yote ya sosi, na kijiko, na ndimu. Akishasikia, akinikaribisha tena kiti, ndipo nitakaa.

Mpishi